Stelingi aliyekufa mara 20

(Haya niliyaongea Jumamosi asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, siku ya vitabu, mbele ya watoto na wazazi wao. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na machache niliyoyasahau pale nimeyaongeza.)

Mwangaluka!

Asanteni. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi, na nyie watoto mliokaa kwenye mkeka hapa mbele nawaona, msisogee nyuma, mi nimekuja kuongea na nyie zaidi kuliko hao wa kwenye viti.

Wengi mnanijua, mi fundi cherehani, sketi na kaptula za shule za mtaa huu nyingi zimepita mkononi kwangu. Sasa waliponifata wakaniambia shangazi njoo utuongelee kitabu ulichokipenda ukiwa mdogo, nikawaambia nakuja, ila changu ni cha katuni, cha jamaa anavaa maski usoni na hajulikani ni nani, wakaangaliana kwanza. Nadhani walitegemea nitaje riwaya ya shuleni. Riwaya nimezisoma na nimezipenda, lakini kitabu kilichonionyesha kwamba karatasi inaweza kukutoa Mwanza ikakupeleka mbali kabisa na kukurudisha ugali haujapoa ni hicho cha katuni, kwa hiyo ndo nakiongelea hicho hicho.

Tuanze hivi. Nyie wote mmeshaingia kibanda umiza, msinidanganye. Sheria ya kwanza ya picha ni ipi? (Wakaitika wote: stelingi hafi!) Eeh. Stelingi hafi. Anapigwa risasi, anaanguka mtoni, gari linalipuka, we tulia tu kwenye benchi, atatokea.

Stelingi wangu mimi alikufa. Alikufa kwa kisu, alikufa kwa risasi, amekufa mara 20, na kila akishazikwa, baada ya muda anaonekana tena juu ya farasi wake mweupe, maski ile ile, pete zile zile mbili, na maadui wanatetemeka wanasema huyu si tulimuua sisi wenyewe kwa mikono yetu? Anaitwa Phantom, yaani mzuka. Nyumbani kwetu tulimwita Fantomu na ndivyo nitakavyomwita leo maana nikisema vingine nasikia kama namwongelea mtu mwingine.

Siri yake ni hii. Mwaka 1536 kijana mmoja wa Kiingereza alikuwa melini na baba yake, nahodha, wakavamiwa na maharamia, baba akauawa mbele ya macho ya mtoto, meli ikateketea, na yule kijana maji yakamtupa ufukweni peke yake akiwa hai nusu. Watu wafupi wa msituni, wenye mishale ya sumu, wakamwokota wakamuuguza. Siku moja akaukuta ufukweni mwili wa aliyemuua baba yake, akachukua fuvu lake, na usiku mbele ya moto akaapa juu ya lile fuvu kwamba maisha yake yote atapambana na uharamia, ulafi, ukatili na dhuluma, na watoto wake na watoto wa watoto wake watamfuata. Basi. Akavaa maski. Alipokufa mtoto wake akaivaa ile maski, akaapa kiapo kile kile, akatoka nje, na watu wa huko nje ya msitu hawakujua kama amebadilika mtu. Wakawa wanasema huyu hafi. Kwenye vitabu ninavyovijua mimi tunamfuata wa 21.

Naomba mkae na hilo kidogo. Superman alitoka mwaka 1938, akatoka sayari nyingine, risasi haimwingii. Fantomu alitangulia, alianza gazetini Marekani tarehe 17 Februari 1936, na yeye hana uwezo wowote wa ajabu, hapai, akikatwa damu inatoka, mafua anaumwa. Kinachomfanya asife ni kwamba kuna mtu alikubali kuendelea. Mi nilikuwa na miaka tisa hivi nilipolielewa hilo na nililia, sikumbuki kwanini, nadhani ni kwa sababu nilihesabu kwenye vidole makaburi 20 ya waliomtangulia, kule ndani ya pango la Fuvu anakokaa.

Vilifikaje kwetu? Baba yangu naye alikuwa fundi, alikaa na cherehani yake kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mzee, kule mjini, enzi hizo kila baraza lilikuwa na fundi wake. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, nguo ndo usiseme, baba alikuwa anageuza kola za mashati zilizochakaa anazishona upande wa pili, hiyo ndo ilikuwa kazi. Yule mwenye duka akahama na familia yake kwenda Uingereza, na siku ya kuondoka akamwachia baba vitambaa kidogo, mkasi mzuri ambao ninao mpaka leo, na boksi la vitabu vya katuni vya watoto wake. Vilikuwa 31. Vilichapwa Bombay, kwenye ule mfululizo wa Indrajal ulioanza mwaka 1964, kwa hiyo Fantomu wetu sisi alizaliwa Marekani akapita India ndo akafika Mwanza, na vilikuwa vya Kiingereza, na ndani ya nyumba yetu hapakuwa na mtu anayejua Kiingereza.

Isipokuwa kaka. Kaka alikuwa darasa la saba na alisema anajua.

Usiku baada ya kula tulikuwa tunakaa kwenye mkeka, koroboi katikati, moshi wake ule mnaoujua wa kuwatia watu masizi puani, sisi wadogo wanne na watoto wa jirani, kaka anafungua kitabu anakiweka mapajani anakigeuzia kwetu tuone picha, na yeye anasoma vile viputo vya maneno kwa Kiswahili moja kwa moja, hasiti hata kidogo. Sauti ya Fantomu ilikuwa nzito ya polepole. Maharamia waliongea haraka haraka kama makuli. Na kidole gumba chake, mwanangu, naweza kukichora hata sasa hivi, kilikuwa na kovu jeupe lililopinda la ndoano, maana jioni alikuwa anaenda mwaloni kusaidia kutandua nyavu apewe dagaa wa kuleta nyumbani, basi kile kidole ndo kilikuwa kinatuonyesha tuangalie wapi.

Wale watu wafupi wa mishale ya sumu kitabuni wanaitwa Bandar. Kaka akasoma: watu wa bandarini. Tukaamini. Miaka mingi sana mi nilijua kwamba wale walinzi wa siri wa Fantomu wako kwetu Mwanza, kule bandari ya kusini, na nikitumwa upande ule nilikuwa nawaangalia wale wabebaji mizigo kwa heshima kubwa, wakiwa wafupi ndo kabisa. Halafu Fantomu ana mbwa wake, kitabuni ni mbwa mwitu mkubwa wa kijivu, anaitwa Devil, yaani shetani. Mama yetu alikuwa mtu wa kanisa, asingekubali jina hilo litajwe ndani usiku. Kaka akamwita Chui. Mbwa anaitwa Chui, na hakuna aliyeuliza. Kitabuni kuna misemo ya kale ya msituni, kila mara wanasema wazee wa msituni wamenena hivi na hivi kuhusu Fantomu, pale kaka alikuwa anaweka methali zetu, simba mwenda pole ndiye mla nyama, akiitamka ile polepole unamwona kabisa jamaa anatambaa kwenye majani.

Na kuna jambo moja lilikuwa linatutisha kuliko maharamia wote. Wenyeji wa msitu ule wanasema mtu akiuona uso wa Fantomu bila maski atakufa kifo kibaya. Na wachoraji waliliheshimu hilo, hamumwoni. Akivua maski yuko gizani, au kageuka, na akienda mjini anavaa koti refu, kofia na miwani myeusi. Hata macho hamuyaoni, ndani ya maski ni meupe tu hayana mboni, Lee Falk aliyemtunga alisema alilipata hilo kwenye sanamu za kale za Wagiriki, na baada ya hapo mashujaa wengi wa maski wakachorwa macho meupe hivyo hivyo. Sasa kwenye kitabu kimoja kuna picha ndogo pembeni, chini, Fantomu anainama kunawa mtoni na maski iko juu ya jiwe. Uso uko kwenye kivuli, hakuna unachokiona. Lakini kaka akifika ukurasa ule, kabla hajaufungua wote, kidole gumba kinatangulia kinafunika ile picha. Anasema, hapa msiangalie. Na anaendelea kusoma kidole kiko pale pale. Tulikuwa tunaacha kupumua.

Mchana tulihamia kwenye mawe. Nyie watoto wa mji huu mna bahati na hamjui, mtoto wa Dar akitaka pango la Fuvu atalichora kwenye mchanga, sisi tulikwea tu mawe ya Kitangiri, tukakuta mawili makubwa yameegemeana na la tatu limekaa juu yake, chini pana nafasi ya watu sita, na matundu mawili ya mwanga juu kama macho ya fuvu kweli. Mule ndani kulikuwa na pimbi na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, tukawafanya askari. Maski baba alinishonea mimi, ndiyo, mimi, kwa mabaki ya bitana nyeusi na mpira wa kaptula, na aliikata vizuri, alinipima kwanza kuanzia sikio mpaka sikio kwa futi kamba kama napimwa gauni la Idi. Fantomu ana pete mbili, ya fuvu mkono wa kulia, akikupiga nayo ngumi alama ya fuvu inabaki kwenye taya na haifutiki, na ya mkono wa kushoto ni alama njema, akikuwekea hiyo uko chini ya ulinzi wake. Ya fuvu tuliitengeneza wenyewe. Kaka alileta vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, tukaviyeyusha kwenye kopo la maziwa, tukamimina kwenye kalibu ya udongo wa mfinyanzi. Msijaribu, nawaambia kwa dhati, moshi wa risasi ni sumu, sisi hatukujua. Ilitoka nzito, fuvu lenyewe lina jicho moja kubwa moja dogo, na ilikuwa pete nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa.

Halafu kuna kisiwa. Fantomu ana kisiwa chake kinaitwa Eden, humo simba na chui milia wanaishi pamoja na swala na hawawali, kwa sababu walilelewa toka wadogo wakilishwa samaki. Kaka aliposoma hapo akanyoosha mkono gizani upande wa ziwani akasema, kama pale. Saanane. Mnapaona, kisiwa kile hapo, siku hizi ni hifadhi ya taifa toka mwaka 2013, ila kuanzia 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, na sisi tulijua kuna wanyama wakali kule. Kwa hiyo kwa akili yangu mambo yote yalikamilika, kisiwa kipo, wanyama wapo, sato hao hapo majini, watu wa bandarini wako bandarini. Jioni nikisikia ngurumo yoyote kutoka ziwani, hata ya boti, nilikuwa namwambia mdogo wangu, wanalishwa.

Nilipokuwa kidato cha kwanza kaka akaondoka kwenda visiwani kuvua. Baba alikuwa ameanza kuumwa macho, cherehani ilikuwa inalala, mtu mkubwa pale ndani alikuwa yeye. Usiku wa mwisho hakusoma. Alinikabidhi boksi, akatoa ile pete mfukoni akaniwekea kwenye kiganja, akasema sasa unasoma wewe. Nikamwambia mi siwezi, Fantomu mwanamke hayupo, inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Akacheka akasema we soma tu.

Basi nikaanza kusoma. Kiingereza cha kidato cha kwanza na cha pili, na kamusi niliyoazima, nilikuwa naenda neno kwa neno na kidole changu. Na ndo nikagundua. Kaka hakuwa anajua Kiingereza. Alikuwa anajua maneno kama hamsini. Zile hadithi zote, wale maharamia waliokuwa wanagombania mgao wa samaki, yule binti aliyeibiwa mahari, yule chifu aliyesahau kuwashukuru wapiga ngoma, hazikuwepo kitabuni. Picha zilikuwa za kweli, maneno yalikuwa ya kwake. Alikuwa anaangalia picha anatunga pale pale, kila usiku, na akirudia kitabu anakumbuka alichotunga mwezi uliopita, neno kwa neno, maana sisi tulikuwa tunamkosoa akibadilisha hata kidogo.

Nilikasirika kwanza. Siku kama tatu. Nikaona nimedanganywa utoto mzima. Halafu nikafika kwenye kitabu cha kisiwa, kile cha simba wanaokula samaki, nikasema hiki ndo nitamshika, hapa lazima alitunga, ni nani anaweza kufikiria kitu kama hicho kama sio mvuvi? Nikasoma neno kwa neno na kamusi. Kilikuwepo. Simba, chui milia, samaki, kisiwa, vyote, kama alivyosema. Nilikaa pale chini na kamusi mapajani na hasira zikaisha zenyewe.

Na kingine, Fantomu mwanamke yupo. Anaitwa Julie, dada yake wa 17, kaka yake alijeruhiwa akashindwa kutoka, yeye akavaa maski akafanya kazi mpaka kaka akapona. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima kabisa na nilitamani ningekuwa na namba ya simu ya nikiwa na miaka kumi na minne nimpigie.

Sasa watu wazima, hapa nisikilizeni na nyie. Hivi vitabu vina tatizo na silifichi kwa watoto. Fantomu ni mzungu. Amekaa kwenye kiti cha enzi ndani ya msitu wa watu weusi miaka 400 na zaidi, ndo anayelinda amani, ndo hakimu, na michoro mingine ya zamani imewachora watu wenyewe kwa dharau, midomo, macho, hata mtoto anaona kwamba aliyechora hakuwaheshimu. Nchi yake inaitwa Bangalla, mwanzoni ilikuwa kama iko upande wa Asia huko, baadaye ikahamia Afrika, na kwenye vile vya India waliibadilisha jina ikawa Denkali. Lee Falk mwenyewe nadhani aliliona hilo, maana baadaye alimweka rais mweusi, daktari, Lamanda Luaga, aliyechaguliwa kwa kura, na Fantomu anamheshimu kama rais. Hiyo ni hatua. Ila kiti cha fuvu kilibaki kilipo.

Mimi nimelifikiria hili miaka mingi nikiwa kwenye cherehani na jibu langu ni kwamba lile kosa ni la kweli na mapenzi yangu ni ya kweli. Fantomu niliyemjua mimi alikuwa hana rangi kwa sababu alikuwa na maski, na alikuwa na sauti ya kijana wa Kisukuma anayenuka samaki. Lakini nisingependa mtoto wa leo alazimike kufanya kazi yote ile ya kumgeuza. Wahindi walivisoma vitabu hivi hivi, na mwaka 1976 wakaingiza wa kwao ndani ya mfululizo ule ule, anaitwa Bahadur, anapigana na majambazi wa kwao, kwenye mabonde ya kwao. Kwetu wachoraji tunao, wa gazeti la katuni la Sani walituchekesha mpaka mbavu, yule Ndumilakuwili wao mimi namkumbuka mpaka leo. Ila wa kuchekesha. Wa kuapa mbele ya moto sijamwona bado, na kalamu ziko hapa mezani, karatasi nimenunua mwenyewe.

Mjue pia hatuko peke yetu tuliompenda. Sweden wana gazeti lake toka mwaka 1950 na wanatunga hadithi zao wenyewe, Australia wanamchapa toka 1948. Na cha kunifurahisha kabisa, nguo zake zinabadilika rangi kwa nchi, Marekani ni zambarau, Sweden bluu, Italia na Brazil nyekundu, mimi kama fundi hilo limenikaa, kila mtu amemshonea kitambaa alichokuwa nacho. Huko Papua New Guinea kwenye milima kuna watu walimchora kwenye ngao zao za vita, ngao ndefu, Fantomu amesimama katikati. Ni kwa sababu hafi, eeh. Na Lee Falk alimwandika zaidi ya miaka 60, mpaka hospitalini alikuwa anaivua maski ya oksijeni ili atamke hadithi ziandikwe. Alifariki mwaka 1999. Kesho yake na siku zilizofuata magazetini Fantomu akaendelea kutoka, na baadaye wengine wakashika kalamu.

Kaka alifariki kule visiwani mwaka 1994, malaria. Alirudishwa na mtumbwi wa injini na tulimpokea hapa hapa mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi, dagaa wameanikwa kila mahali na watu wakawa wanatupisha njia. Sitalisema sana. Aliacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu, nikamlea mimi.

Huyo mtoto alipofika umri wa kusikiliza nilitoa boksi. Mchwa walishaingia, kati ya vile 31 vilibaki saba. Kiingereza nilikuwa nakijua sasa, nikafungua nikaanza kumsomea kama kilivyoandikwa, nikafika ukurasa wa pili, nikaona pale mbwa mwitu ametokea, jina lake limeandikwa wazi kabisa, nikafungua mdomo, nikasema Chui. Na baada ya pale sikuweza tena kusoma kilichoandikwa. Nikasoma alivyosoma baba yake. Mgao wa samaki, mahari, wapiga ngoma, watu wa bandarini, yote, na pale nilipokuwa nimesahau nilikuwa naona kile kidole chenye kovu kinanionyesha niangalie wapi. Mtoto hakujua kwamba anaongea na baba yake. Nilimwambia alipofika kidato cha kwanza, siku niliyompa pete.

Sasa hivi ni mtu mzima, ana binti wa miaka sita, yule pale wa gauni la njano anayejificha nyuma ya mwenzie, gauni nimeshona mimi. Wiki mbili zilizopita nilienda kwao jioni, umeme ulikatika, nikakuta wamekaa chini na tochi ya simu, na safari hii baba alikuwa anasikiliza, binti ndo ameshika kitabu. Kiswahili anaanza anza kukisoma, Kiingereza hajui hata neno. Anasoma kwa sauti nzito ya polepole. Nikakaa mlangoni. Akafika ule ukurasa wa mtoni, na kabla hajaufungua wote kidole gumba kikatangulia, kidogo hivi, kikafunika ile picha ya pembeni, akainua kichwa akaniona.

Akasema, bibi, fumba macho.

Nikafumba.